Kioo, Jua na Bomba la Udongo

Fundi bomba mzuri utamtambua kwa jinsi asivyokimbilia sululu. Katika nyumba za zamani za Morogoro, hasa zile za Kilakala na barabara ya Boma, yapo mabomba ya majitaka yaliyolazwa kabla wenye nyumba wa leo hawajazaliwa. Choo kikianza kurudisha maji, swali huwa moja: tuzibe palipovuja, au tung'oe lote? Mafundi wengi wana jibu wakiwa bado getini, na mara nyingi jibu hilo ni kung'oa, maana ndiko kwenye hela. Wapo wachache wasiojibu mpaka wamelichunguza bomba lenyewe. Hao ndio ninaotaka kuwasifu hapa.

Mmoja wao nilimtazama akiwa kazini kwa mwalimu mstaafu, upande wa Kilakala, chini kabisa ya miteremko ya Uluguru. Mama huyo alikuwa amekwisha kuambiwa na wengine wawili kwamba bomba lote limekufa. Fundi alimwamkia, akaomba aonyeshwe choo, kisha akatoka nje na kuanza kuzunguka uwanja akitazama chini. Ilikuwa kiangazi, nyasi zimekauka. Lakini kati ya chemba ya kwanza na ya pili palikuwa na ukanda wa kijani uliokwenda mpaka karibu na shina la mwembe. Alisimama hapo kitambo, hakusema kitu.

Baadaye akafunua chemba zote tatu na kuziacha wazi, akakaa mbali nazo. Hewa inayokusanyika humo huua, na fundi anayeijali roho yake hainami hapo hapo. Alipoona imetulia alichunguza kuta za ndani. Chemba ya kwanza ilikuwa na alama ya uchafu iliyopanda hadi nusu ya ukuta, maana yake maji yamekuwa yakisimama humo kwa kukosa njia. Chemba ya pili kuta zake zilikuwa safi.

"Mama, huku chini kunapitisha vizuri," alisema. "Kazi yetu iko kati ya hizi mbili."

"Kwa hiyo tuchimbe, mwanangu?"

"Bado, mama."

Alizibua kwanza, kwa fimbo ndefu zinazoungwa kwa skrubu. Kila aliposukuma alihesabu fimbo zilizoingia, na kizuizi kilipogusika aliweka alama ya chaki kwenye fimbo iliyokuwa mdomoni mwa bomba. Hesabu hiyo ni muhimu kuliko kuzibua kwenyewe. Bomba linaloziba mahali pale pale kila mara lina ugonjwa wa mahali pamoja. Likiziba leo hapa na mwezi ujao kule, shida imeenea. Fimbo zilirudi na mizizi myembamba, myeupe. Aliuvuta mmoja kwa vidole, akautazama mwembe, akaendelea.

Kisha akatoa kioo cha kujitazamia, cha kawaida kabisa, kimefungwa kwenye kipande cha fito. Alikishusha kwenye chemba ya kwanza, akakigeuza taratibu mpaka kikalinasa jua la asubuhi na kulirusha ndani ya bomba. Msaidizi wake alikuwa kwenye chemba ya pili na kioo kingine, akitazama mwanga unavyotokea. Mwanga ukionekana duara kamili, mwezi wa siku kumi na nne, bomba limenyooka. Ukionekana kipande tu, limeshuka katikati na kufanya tumbo, na tumbo halitibiwi kwa kuzibua, kwa sababu kinyesi kitatua humo tena kila siku. Siku ile duara lilitokea kamili, ila kingo zake zilikuwa na nyuzinyuzi za mizizi. Walihamia kati ya chemba ya pili na ya tatu. Duara safi.

Hapa mtu angeweza kuridhika: bomba limenyooka, mizizi imeondolewa, tulipwe na tuondoke. Yeye aliziba mdomo wa chini kwa kizibo cha matambara na plastiki, akajaza maji, akaweka alama usawa wa maji ulipofika, akakaa kwenye ndoo kusubiri. Maji yalishuka upesi. Sehemu ya pili nayo alipoijaribu vivyo hivyo, maji yalitulia kwenye alama.

Ndipo sululu iliposhikwa, na kwa shimo moja tu, pale chaki ilipoelekeza. Bomba lilikuwa la udongo wa kuchomwa, lile la kizamani. Aliligonga kwa mpini wa nyundo: mlio ulitoka wazi, hauna ufa. Udongo wenyewe ulikuwa mzima na ungeweza kudumu vizazi vingine. Lakini saruji ya kwenye maungio ilimomonyoka kwa kucha. Alifukua ungio la jirani, likawa vile vile, na la tatu pia. Mabomba ya namna hii yalitengenezwa mafupi, mengi yana urefu wa sentimita 60 hivi, kwa hiyo mita 12 za kati ya chemba ya kwanza na ya pili zina maungio karibu 20. Mwembe ulikuwa umeanza na moja, na mengine yote yalikuwa yanausubiri. Ukiziba hilo moja, mwakani unarudi kwa la pili.

Uamuzi wake haukuwa kuziba wala kung'oa lote. Kati ya chemba ya kwanza na ya pili, bomba litolewe na liwekwe la plastiki la inchi nne. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, lisiguswe. Aliikata kazi kwenye chemba makusudi, ili bomba jipya na la zamani yakutane humo, mahali panapofunguka na kusafishwa. Ungio la plastiki na udongo likifukiwa ardhini ni gumu kulifanya lishike vizuri, kwani unene wa kuta zake haulingani. Bomba la plastiki huuzwa kwa urefu wa mita sita, hivyo kwa umbali ule palihitajika ungio moja katikati, na aliliweka mbali na mwembe.

Ulazaji nao una heshima yake. Bomba la inchi nne hulazwa kwa mteremko wa 1 kwa 40, yaani sentimita mbili na nusu kwa kila mita; mita 12 zikadai sentimita 30. Alipima kwa mpira mwangavu uliojaa maji na uzi uliokazwa. Miguuni mwa Uluguru ardhi hushuka kwa kasi kuliko mahitaji ya bomba, na mvivu huliacha bomba lifuate mlima. Yeye alilaza kwa kipimo chake, tofauti iliyobaki akaimalizia kwa kushusha maji ndani ya chemba. Alitandika mchanga chini, akaokota mawe yote kwenye udongo wa kurudishia, kwa kuwa jiwe moja likikandamizwa juu ya plastiki huitoboa polepole.

Duniani ipo njia ya tatu. Mwaka 1971, jijini London, Eric Wood alipenyeza mfuko uliolowekwa gundi ndani ya bomba bovu, ukagandia humo na kuwa bomba jipya bila kuchimba. Ni ufundi mkubwa, na kamera zinazoingizwa ndani ya bomba siku hizi huona hata kwenye kona ambazo kioo hakifiki. Lakini navyo vinahitaji mtu anayejua kuuliza maswali yale yale: limenyooka? linavuja wapi? maungio yakoje?

Maswali haya hayaishii kwenye ua wa mtu mmoja. Nyumba nyingi za mji huu hazijaungwa na mtandao wa majitaka wa MORUWASA, mamlaka ya maji ya mji, unaopeleka maji kwenye mabwawa ya Mafisa; zina mashimo yake zenyewe. Bomba linalovuja huingiza uchafu kwenye udongo ule ule wenye visima vya jirani, na Mto Morogoro ukitoka mlimani hupita katikati yetu, ukaingia Ngerengere, nayo Ngerengere ikaingia Ruvu, inakotoka sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukimwita fundi, mlipe siku ya kupima hata kama hatachimba, maana humo ndimo ujuzi wake ulimo. Mwambie ajaze maji mbele yako kabla ya kufukia, chora ramani inayoonyesha bomba lilipopita na uitunze pamoja na hati ya nyumba. Na mwite kiangazi, kabla masika ya Machi hayajajaza mtaro.