Shoo za Sikukuu: Bembea Zinazunguka, Jukwaa Limelala

Kila sikukuu ikikaribia, iwe Idi au Krismasi, kuta za jiji letu la Dar es Salaam hujaa mabango. Bustani fulani ya michezo ina bembea mpya, ina treni ya watoto, ina farasi wa kupanda, na chini kabisa kwa wino mwekundu: burudani kabambe jukwaani kutwa nzima. Bembea sina ugomvi nazo, zinazunguka kama ilivyoahidiwa. Ninalotaka tulijadili hapa, waandishi wenzangu, ni hilo neno kabambe.

Mtoto wa Mbagala au Manzese ambaye shule yake haina kikundi cha maigizo hukutana na jukwaa kwa mara ya kwanza siku hiyo ya Idi Mosi, nguo mpya mwilini na soda mkononi. Shoo ile, hata ikiwa ya ovyo, ndiyo inayomfundisha igizo ni kitu gani. Sisi tunaotaka kuandika riwaya na tamthilia kila siku tunalia kwamba Watanzania hawasomi. Haya, wasomaji wetu wa kesho ndio hao wamekaa kwenye nyasi pale mbele. Tazama wanalishwa nini.

Idi iliyopita niliwapeleka wadogo zangu wawili kwenye bustani moja, jina naliweka kiporo. Shoo ilitangazwa saa nane mchana. Mshereheshaji alipanda jukwaani saa tisa na nusu, akapiga kelele "Mambo vipi watotooo!" mpaka watoto wenyewe wakachoka kuitikia. Yakaja mashindano ya kucheza, ambapo vitoto vya miaka sita viliambiwa vikate kiuno kama watu wazima, mshindi akapewa juisi ya boksi. (Wazazi walikuwa wakipiga picha. Hilo tuliache, lina mahali pake.) Halafu akaja msanii wa kizazi kipya, akafungua mdomo juu ya CD. CD ikakwama, mdomo ukaendelea. Watu walicheka mpaka machozi, na kusema kweli hicho ndicho kichekesho kilichofana kuliko vyote siku ile.

Mwisho ndipo likaja igizo lenyewe. Mume mlevi anarudi nyumbani usiku. Mke, yaani mwanamume aliyevaa gauni na kujaza matambara nyuma, anamchapa mwiko. Mume anaanguka, anainuka, anachapwa tena. Anachapwa mara ya tatu. Muziki juu, wanainama, kwisha habari. Yule mume analewa kwa nini? Mke anataka nini, pesa ya ada, talaka, au usingizi tu? Hatukuambiwa, na nadhani hata wao hawakuwa wanajua. Mdogo wangu wa miaka saba akanivuta shati: "Kaka, sasa ikawaje?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Wapo watakaosema kwamba watoto hawahitaji hadithi, wao wanataka vurugu na rangi tu. Si kweli. Siku hiyohiyo, katikati ya ubabaishaji wote, walipanda vijana wanne wa sarakasi na viti vya plastiki. Watatu walipanda viti vilivyobebana, wa nne akaogopa. Akajaribu, akashuka. Akajaribu tena, mguu ukatetemeka, akashuka na kujifanya anafunga kamba ya kiatu. Wenzake wakamzomea kwa ishara. Mara ya nne akapanda hadi kiti cha juu kabisa na kusimama kwa mkono mmoja. Hakuna aliyetamka neno, lakini bustani nzima ilinyamaza, hata muuza askirimu aliacha kengele yake. Jamani, pale palikuwa na mtu anayetaka jambo, pana kinachomzuia, na pana sisi tunaongoja. Nimesoma riwaya za kurasa mia mbili zisizo na hayo matatu.

Na tusidanganyane kwamba shoo ndefu yenye mchanganyiko haiwezekani kwetu. Miaka ya 1990, kabla wengi wetu hatujazaliwa, Tanzania One Theatre, iliyoanzishwa 1992 na kuongozwa na Kapteni John Komba, aliyefariki 2015, ilishindana vikali na Muungano ya Norbert Chenga. Kwa kiingilio kimoja mtu alipata ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, halafu taarabu yenye mipasho. Na maigizo yale mara nyingi hayakuwa na maandishi: wasanii walikubaliana hadithi, kila mtu akajua nafasi yake, wakayafinyanga maneno mazoezini. Kwa hiyo sisemi kila shoo iwe na karatasi. Nasema pawe na hadithi na pawe na mazoezi. Walimu wapo: chuo cha sanaa Bagamoyo kimekuwepo tangu 1981, leo kinaitwa TaSUBa. Na mradi wa Tuseme, ulioanzishwa 1996, ulionyesha kwamba hata wasichana wa sekondari wanaweza kuyageuza matatizo yao kuwa mchezo wa jukwaani.

Najua mwenye bustani naye ana hesabu zake. Jenereta, ulinzi, na yule msanii wa CD ambaye jina lake ndilo linalovuta watu getini. Makombo ndiyo yanaliendea igizo. Nilimfuata nyuma ya jukwaa yule "mke", bado kavaa gauni, akaniambia wanalipwa elfu kumi kila mtu na sahani ya chipsi, na kwamba walikutana asubuhi ileile. Kwa elfu kumi hata mimi ningelewa na kuchapwa mwiko.

Ombi langu kwa wenye mabango ni dogo. Krismasi ijayo, chini ya neno kabambe, andikeni jina la igizo, jina la kikundi, na saa ya kuanza. Basi. Na kwa upande wetu, mimi nimeshatunga mchezo wa dakika ishirini: watu watatu, ndoo moja, na foleni ya maji. Nitampelekea yule mwenye bustani kwa mkono wangu. Natafuta mpiga ngoma na dada mmoja asiyeogopa kelele za treni. Mwenye nia aniandikie kupitia kwa mhariri.