Utamu na Soni ya Mtazamaji

Miongoni mwa mambo ambayo wasomi huyapenda kwa siri na kuyalaani hadharani ni vipindi vya televisheni viitwavyo vya "maisha halisi". Mchana twavikashifu mbele ya wanafunzi. Jioni twaketi kuvitazama, na mgeni abishapo hodi twabadilisha stesheni upesi. Yafaa basi tujiulize: soni hiyo yatoka wapi?

Na tuchukue mfano unaojulikana sana katika nchi zetu, Big Brother Africa. Mtindo wake ulianzia Uholanzi mwaka 1999, na jina lake limetokana na riwaya ya George Orwell iliyotolewa mwaka 1949. Mwaka 2003 washindani 12 kutoka nchi 12, zikiwamo Uganda, Kenya na Tanzania, waliwekwa katika jumba moja huko Afrika ya Kusini kwa siku 106, kamera zikiwaangalia usiku na mchana. Kanuni ilikuwa ile ile: washindani hutajana, watazamaji hupiga kura, mmoja hufunga mizigo yake; naye abakiye mwisho hutwaa fedha. Uhondo huo ulirudiwa mara kadhaa hadi mwaka 2014, Idris Sultan wa Tanzania alipojinyakulia dola 300,000.

Wako wanaodai kwamba ila ya vipindi hivi ni kurudia yale yale. Hatukubaliani nao, kwani ngano zetu nazo zimesimama juu ya marudio. Mtoto aitikiaye "Pakawa!" anajua fika kuwa Sungura atamlaghai Fisi, na bado hamu haimwishi; angoja kuona safari hii hila itakuwa ipi. Mtazamaji naye anajua kuwa wapenzi watagombana na marafiki watasalitiana. Kujua huko ndiko kumpako raha, na hapo hana kosa.

Wengine waliona ila katika maadili. Mwaka huo wa 2003 Bunge la Malawi liliazimia matangazo hayo yasimamishwe katika televisheni ya taifa. Hoja ya maadili ina uzito wake, lakini kwa maoni yetu liko jambo jingine zito zaidi.

Fisi wa ngano akipigwa, hakuna aumiaye. Fanani aliyemuua leo atamfufua kesho. Aliyemo jumbani ana mama anayemtazama. Siku yake nzima hukatwakatwa zikabaki dakika chache, na mkataji huchagua hasira akaacha upole, maana kisa chahitaji mjinga na mwerevu. Kisha mtu huyo hurudi kwao amevikwa ngozi ya Fisi, nasi tuliomcheka ndio tuliopiga kura. Soni yetu yatoka hapo, nayo ni ya haki.

Kwa hiyo hatuwashauri walimu wenzetu wavikataze vipindi hivi. Mwanafunzi atavitazama vivyo hivyo. Twawashauri wavijadili darasani kama wajadilivyo ngano: Fanani ni nani hapa? Ni nani aliyempa huyu nafasi ya mjinga? Ni mambo gani yaliyoachwa nje? Mwanafunzi awezaye kuyajibu maswali hayo ataendelea kutazama, na pengine atacheka. Lakini hatasahau kuwa amchekaye ni binadamu, wala si mnyama wa hadithini.