Kukubali si Kuridhia

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wengi wetu huyachukulia kama mapacha: kukubali na kuridhia. Ukinisumbua mpaka nichoke, nitakubali. Ukinicheka mbele ya mabeste wangu, nitakubali pia, ili yaishe. Lakini kuridhia kuna radhi ndani yake, na radhi haitolewi kwa presha. How to Have Sex, filamu ndefu ya kwanza ya mwelekezi Mwingereza Molly Manning Walker, imejengwa katikati ya maneno hayo mawili. Mwaka wa 2023 ilishinda tuzo kuu ya kitengo cha Un Certain Regard kule Cannes, na ilistahili.

Hadithi ni nyepesi. Tara, Skye na Em wana miaka 16. Wamemaliza mitihani yao ya GCSE na wanasubiri matokeo, kwa hivyo wanapanda ndege hadi Malia, mji wa ufuo katika kisiwa cha Crete, Ugiriki. Ni likizo ya kulewa, kucheza na kulala asubuhi. Weka KCSE mahali pa GCSE na utawatambua hawa wasichana mara moja: kelele zao, mapenzi yao ya kirafiki, uongo wao mdogo mdogo. Tara ndiye bikira wa kundi, na kila mtu anaijua hiyo habari kuliko inavyofaa.

Kazi nzuri ya filamu hii ni kuonyesha presha bila kumwonyesha adui. Hakuna anayemshika Tara mkono na kumburuta. Kuna utani wa Skye, ambao una wivu ndani yake. Kuna muziki usiozimwa. Kuna mashindano ya jukwaani pale kwenye kidimbwi, umati ukipiga kelele kana kwamba ni mechi. Kuna wavulana wa chumba cha jirani: Badger, mcheshi mwenye moyo, na Paddy, kijana mtanashati asiyependa kungoja. Kufikia usiku ambao Tara anaondoka na Paddy kwenda ufuoni, "hapana" imeshafanywa kuwa neno la washamba.

Kule ufuoni, neno la kukubali linamtoka. Kamera haituonyeshi kitu cha kutazamwa kwa uroho. Inabaki na uso wake, na Mia McKenna-Bruce anaigiza kwa macho kile ambacho mdomo hauwezi kusema. Asubuhi tunamwona akitembea peke yake kwenye barabara ya klabu, tupu, imejaa takataka za jana. Nimetazama filamu nyingi kuhusu dhuluma. Chache zimenieleza mengi kwa kutumia takataka tu. Baadaye Paddy anamwingilia tena, safari hii Tara akiwa amelala, na hata lile neno moja halipo.

Huku kwetu, mwaka wa 2006, bunge likijadili Mswada wa Makosa ya Kingono, mbunge mmoja alidai kwamba wanawake husema hapana wakimaanisha ndiyo. Wabunge wanawake walitoka nje kwa hasira. Mswada ulipita, na kifungu cha 42 kinasema mtu ameridhia iwapo amekubali kwa hiari, akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Kisheria Tara angekuwa mtoto Kenya, na mjadala ungeishia hapo. Lakini ondoa umri wake, mpe miaka 20, na swali la filamu linabaki palepale: alikuwa na uhuru gani? Sisi bado tunaambiana kwamba kunyamaza ni kukubali. Sawa, huenda ni kukubali. Si kuridhia.

Filamu ina udhaifu wake. Em, mwenye akili ya darasani na anayependana na Paige wa chumba cha jirani, amepewa nafasi ndogo mno. Anakuwa bega la kulilia kuliko kuwa mtu. Skye naye angehitaji dakika mbili zaidi ili wivu wake uwe na mizizi. Na ule msururu wa pati unachosha, ingawa nashuku tumekusudiwa kuchoka pamoja na Tara.

Kuna wanaolalamika kwamba Paddy haadhibiwi. Mimi naona hapo ndipo filamu ina ujasiri. Paddy anarudi nyumbani akiwa Paddy yuleyule, pengine akidhani alikuwa na likizo poa, kwa sababu hajawahi kufundishwa kusoma uso wa mtu. Ndiyo maana ningependa wavulana waitazame zaidi ya wasichana. Wasichana wanaijua hii hadithi tayari. Nyinyi maboyz ndio mnaohitaji kukaa pale ufuoni, mtazame ule uso mpaka mwisho, kisha mjiulize ni "ndiyo" ngapi mlizopewa ambazo hazikuwa na radhi.