Kicheko cha Wapagazi: Ngoma ya Beni na Kumbukumbu ya Vita

Tunapozungumzia sanaa za maonyesho za taifa letu, imekuwa desturi kuzigawa katika mafungu mawili: sanaa za asili na sanaa za kuja. Mgawanyo huu wafaa kwa kupangia majalada ofisini, bali haufai hata kidogo kuielezea ngoma ya beni. Beni ilichukua tarumbeta, kofia na vyeo vya Wazungu, ikavichezea mbele ya Wazungu wenyewe. Kwa ajili hiyo wako waliosema kuwa ilikuwa kasumba tupu, yaani mtumwa kumwigiza bwana wake. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba beni ilikuwa kichekesho cha vita, kichekesho kilichodumu muda mrefu kuliko vita vyenyewe, na kwamba katika kudumu huko kilibadilika hata kikakaribia kusahau kilichokuwa kikichekwa.

Jina lenyewe latokana na neno la Kiingereza la kundi la wapiga muziki. Ngoma hii ilianza katika miji ya pwani ya kaskazini, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Watu wa pwani walikuwa na mazoea ya zamani ya mitaa kushindana kwa ngoma, mashairi na karamu. Walipoona majeshi ya kigeni yakipita kwa gwaride na bendi, waliyatia mambo hayo katika mashindano yao. Kutoka huko beni ilishuka hadi Tanga na Dar es Salaam, na hapa kwetu ikawa na vyama viwili mashuhuri, Marini na Arinoti. Marini walijihesabu kuwa ndio waungwana, watu wa kalamu na wa mjini. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi za mikono na waliotoka bara. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake, daktari wake na makarani wake. Na kila cheo kilikuwa na mavazi yake, heshima yake na faini ya mwenye kukivunjia adabu.

Mwaka 1914 vita viliingia Afrika Mashariki, na beni ikaingia vitani. Hapa ndipo kiini cha habari. Askari wa upande wa Wajerumani waliicheza, na askari wa upande wa Waingereza waliicheza, na wapagazi wa pande zote mbili waliipokea. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, walifanya kambi ya Kikosi cha Wapagazi mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamekusudia kuweka soko. Jina la Kiingereza la kikosi hicho, Carrier Corps, likapita katika vinywa vya wenyeji likawa Kariakoo. Leo mamia kwa maelfu ya watu huitaja Kariakoo kila siku katika kuuza na kununua, na ni wachache wanaokumbuka kuwa wanataja kambi ya watu waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao. Wapagazi waliotumika katika vita hivyo walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria wanakadiria vifo vinavyokaribia 100,000, vingi vikiwa vya maradhi, njaa na uchovu, wala si vya risasi.

Sasa, ndugu msomaji, mfikirie mpagazi huyo. Mchana ana mzigo wa ratili hamsini au zaidi kichwani, na nyuma yake yuko mwenye kumhimiza kwa kiboko. Jioni anavaa mkanda alioushona kwa kitambaa kibovu, anaitwa Jenerali, na wenzake wanampigia saluti. Je, huyu anamwiga bwana wake kwa kuwa anampenda? Kwa maoni yangu, huyu amekitwaa cheo kinachomtesa mchana, akakivaa usiku ili wenzake wakione jinsi kilivyo: kofia, mkanda na kelele. Aliyeweza kuitwa Jenerali kwa saa mbili alijua kwamba ujenerali ni vazi, na vazi huvuliwa.

Hata hivyo lazima tuseme kweli yote. Kejeli na tamaa zilivaa joho moja. Wako waliovipenda vyeo vya beni kama alivyovipenda ofisa wa kweli. Wako walioingia katika madeni kwa ajili ya karamu za kushindana. Na Marini hawakuacha kuwadharau Arinoti. Mwenye kuitukuza beni kana kwamba ilikuwa mapambano matupu ya ukombozi anakosea sawasawa na yule anayeibeza.

Juu ya kicheko palikuwa na kusaidiana. Mtu aliyetupwa na vita mamia ya maili kutoka kwao alikuta wanachama wa chama chake katika kila kituo. Walimpokea, walimlisha, na alipokufa walimzika. Neno hili la kuzika si dogo, kwa kuwa mpagazi alikufa njiani na safari ikaendelea. Ndiyo maana nasema kwamba kicheko cha beni kilikuwa na msiba ndani yake. Watawala walihisi kuna jambo, ila hawakulitambua. Mwaka 1919 Waingereza walishuku kuwa beni ilikuwa chama cha siri cha kuwapinga, wakafanya uchunguzi, wasiione njama waliyoitafuta.

Baada ya vita beni ilianza kubadilika, na mabadiliko yake yalikwenda njia mbili. Mjini, vijana wenye elimu waliiacha kidogo kidogo. Chama cha watumishi wa serikali Waafrika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na Chama cha Waafrika kikafuata Dar es Salaam mwaka 1929. Mambo ya uongozi yakahamia huko. Vilabu vya kandanda viliingia katika miaka ya 1930: Yanga mwaka 1935 na mwaka uliofuata klabu ambayo sasa twaiita Simba. Muziki wa dansi nao ukawapa vijana suti na ukumbi. Ushindani wa mtaa kwa mtaa haukufa, ulibadilisha uwanja tu. Na mtu akitaka kuuona aende Kariakoo siku Simba na Yanga wanapokutana.

Shambani mambo yalikuwa kinyume. Askari na wapagazi waliorudi makwao walikwenda na beni, ikashika mizizi mbali na pwani ilikozaliwa. Huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, vyama vya mbeni vilitajwa mbele ya tume iliyochunguza mgomo wa wachimba shaba wa mwaka 1935. Kandokando ya Ziwa Nyasa, kwetu na Malawi, ilizaa mganda na malipenga. Humo tarumbeta ya shaba iligeuka kibuyu, gwaride likageuka mistari ya wachezaji nadhifu waliovaa nguo nyeupe, na mfalme na daktari wakabaki, ijapokuwa vita vyao vilikuwa vimesahauliwa.

Si sisi peke yetu tuliofanya kichekesho cha vita kikatuzidi umri. Wamarekani walikuwa na mchezo wa televisheni ulioitwa M*A*S*H, uliohusu madaktari wa hospitali ya mahema katika vita vya Korea. Vita vyenyewe vilipiganwa miaka mitatu, 1950 hadi 1953. Mchezo ulionyeshwa miaka kumi na mmoja, 1972 hadi 1983. Ulianza kama mzaha wa madaktari wakorofi, pamoja na vicheko vya kurekodiwa ili mtazamaji ajue mahali pa kucheka. Lakini katika chumba cha upasuaji watengenezaji waliviondoa vicheko hivyo. Mwaka 1975 walimuua mkuu wa kambi, mtu mpole aliyependwa, akiwa safarini kurudi nyumbani, na watazamaji wengi wakakasirika. Kadiri miaka ilivyokwenda, mzaha ulipungua na uchungu ukaongezeka, na wako waliolalamika kuwa mchezo umegeuka mahubiri. Sehemu yake ya mwisho ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 100.

Ukilinganisha, utaona tofauti ya kutufikirisha. Mchezo wa Wamarekani ulitungwa na watu ambao wengi wao hawakuwa katika kambi zile, na kadiri ulivyodumu ulizidi kuwakumbuka waliokufa. Beni ilitungwa na waliokuwamo kambini, na kadiri ilivyodumu kumbukumbu ilipungua, ukabaki unadhifu. Sababu naiona hii. Mchezo wa televisheni huandikwa upya kila mwaka, na mwandishi aweza kuirekebisha nia yake. Ngoma hurithiwa kwa miguu na mikono. Mtoto hufundishwa hatua. Asipoambiwa hadithi ya hatua hiyo, anairithi hatua peke yake.

Niliwahi kukaa katika jopo la waamuzi wa mashindano ya ngoma za shule. Kundi moja lilicheza mganda kwa ustadi mkubwa, na karatasi zetu zilitutaka tutoe alama za mavazi, mpangilio na mdundo. Nilimwuliza kiongozi wao kwa nini katika ngoma yake kuna daktari. Alijibu kwa adabu, “Ni mila yetu, mzee.” Sikumlaumu. Karatasi niliyoishika mkononi nayo haikuwa na mahali pa swali langu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokubali itumike.

Yafaa pia tulitazame jambo hili tukiwa mjini. Katika Mtaa wa Samora imesimama Sanamu ya Askari, iliyowekwa na Waingereza mwaka 1927. Maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanawataja wapagazi pamoja na askari. Walakini juu pale amesimama askari mmoja na bunduki yenye singe, mpagazi hayupo. Nairobi walimweka mpagazi katika sanamu yao. Sisi tulioupa mtaa mzima jina la kikosi chake hatuna umbo lake. Umbo alilojiwekea mwenyewe ni ile ngoma aliyoicheza baada ya kuutua mzigo.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba tulikuwa tumefundishwa kuona haya kwa ngoma zetu. Tangu hapo tumejitahidi kuzitafuta ngoma za asili, na katika utafutaji huo beni ilionekana si safi kwa sababu ya kofia zake. Wakati huo huo mganda, ambaye ni mtoto wake, tuliupokea kwa vifijo, maana kofia zilikwisha kuwa za kienyeji. Profesa Terence Ranger, aliyepata kufundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, akaonyesha kuwa haikuwa uigaji mtupu. Ni miaka mingi sasa, na shuleni bado twafundisha vita hivyo katika somo la historia na mganda katika kikundi cha utamaduni, pasipo kuvikutanisha.

Nawashauri walimu jambo lisilohitaji fedha. Kabla wanafunzi hawajafunzwa hatua ya kwanza ya mganda, waelezwe habari za Kikosi cha Wapagazi. Wanafunzi wa Dar es Salaam wapelekwe Kariakoo, wasimame Msimbazi asubuhi pale makuli wanapopita na magunia mabegani wakipiga kelele wapewe njia, ndipo waelezwe jina la mahali hapo limetoka wapi. Kisha wacheze, na wacheke, kwa maana ngoma hii iliundwa ili watu wacheke. Na mwanafunzi akiulizwa daktari anafanya nini katika ngoma yake, awe na la kujibu.