Mputu hakukosa Ulaya, alikosa Abu Dhabi

Kila mara jina la Trésor Mputu likitoka kati yetu, iwe ku nganda ao ku kampusi, lazima mutu mumoja aseme: "Ule alikuwaka na kila kitu, ni kwenda Ulaya tu njo alikosaka." Mimi siko wa ile mawazo. Na inanisumbua, sababu ni maneno yale yale wanatupiga nayo sisi wenye diploma: kama haujapanda ndege, ujue haujafika. (Kwa Kiluba cha Kasai "Mputu" maana yake ni Ulaya. Basi Ulaya alikuwa nayo tangu kuzaliwa.)

Tuangalie kwanza yenye alifanya mu mwaka 2009 peke yake. Mwezi wa tatu, kule Abidjan, anaongoza timu ya taifa kubeba CHAN ya kwanza kabisa, Ghana inapigwa 2-0 mu finali, na yeye anachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Mwezi wa kumi na moja, Mazembe inabeba Kombe la Mabingwa wa Afrika ku uwanja wa Kenya, ile Kenya yetu ya Lubumbashi. Heartland ilitupiga 2-1 kwao Nigeria, tukashinda 1-0 hapa, goli la ugenini likatosha. Kisha CAF ikamupa zawadi ya mchezaji bora mwenye kucheza ndani ya Afrika. Miaka 24! Wale waliokimbia mapema kwenda kukalia benchi Ubelgiji, nani alipata mwaka kama ule?

Shida yangu na Mputu iko kwingine. Mwezi wa tano 2010, kule Rwanda, Kombe la Kagame, Mazembe na APR: anamurukia mwamuzi. FIFA ikamufungia miezi 12, na mwenzake Lusadisu 11. Washabiki wengi mpaka leo wanasema mwamuzi alituonea. Iwe kweli ao hapana, kapiteni njo mutu wa kwanza wa kuzuia wenzake, si wa kwanza kufika.

Na bei yake? Mazembe ikabeba tena Afrika bila yeye, Espérance ikala 5-0 hapa nyumbani. Mwezi wa kumi na mbili, Abu Dhabi: Pachuca 1-0, Internacional ya Brazili 2-0, magoli ya Kabangu na Kaluyituka. Klabu ya kwanza ya Afrika kufika finali ya dunia, mbele ya Inter Milan. Yaani Ulaya yenyewe ilitoka kwao ikakuja kusimama mbele yetu, na mutu wetu hakukuwa uwanjani.

Wenye kutetea safari watanionyesha Mbwana Samatta. Muzuri. Yule Mtanzania alipata zawadi ile ile ya CAF, ya mwaka 2015, na mwezi ule ule wa kwanza 2016 akaenda Genk, nyuma yake Aston Villa. Lakini aliondoka kombe la Afrika likiwa tayari mu mikono, alilishinda hapa Lubumbashi. Njo pale nawakubalia kidogo: Mputu naye aliondoka, 2014, kwenda Kabuscorp ya Angola, na Mazembe ilipopiga USM Alger mu finali ya 2015 hakukuwa. Alirudi nyuma. Kuondoka si dhambi, ila yeye alichagua saa mbaya mara mbili, na ile ya kwanza hata hakuchagua, hasira ilimuchagulia.

Mi bado nafikiria ile finali ya Inter. Pandev dakika ya 13, Eto'o dakika ya 17, na kwa macho yangu tulikosa mutu wa kushika mpira katikati, kuutuliza, kugeuka na kumutafuta Kaluyituka. Goli la tatu lilingoja mpaka dakika ya 85. Katikati pale kulikuwa zaidi ya saa moja ya mpira, 2-0 tu, yenye ilikuwa yake.