Neno «nice» na mzizi wake

Wasomaji wetu waliosoma Kilatini wanajua furaha ya kufungua neno la Ulaya na kukuta ndani yake mzizi wa kale. Furaha hiyo ni halali. Lakini imezaa desturi mbaya: tukiisha kuuona mzizi, twadhani tumeiona maana ya kweli, nao wanaolitumia neno kwa namna nyingine twawahesabu kuwa wamekosa. Tumependa kuipima desturi hiyo kwa neno dogo la Kingereza, «nice», ambalo Wangereza hulisema kutwa. Siku hizi maana yake ni -zuri, -a kupendeza: chakula, mtu, nyumba, hata hali ya hewa huitwa hivyo.

Mzizi wake ni nini? Ni «nescius» la Kilatini, yaani asiyejua. Katika Kifransa cha kale «nice» lilikuwa mjinga, mpumbavu. (Tusilichanganye na «niais» la Kifransa cha leo, hilo latoka katika «nidus», kiota, kama kinda lisilojua kuruka bado.) Wanormandi walipoishinda Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifransa yaliingia huko, na karibu na mwaka 1300 neno letu limo katika Kingereza, na upumbavu wake wote. Chaucer, aliyekufa mwaka 1400, alilitumia hivyo. Ndipo likaanza safari: mpumbavu, kisha mtu mchaguzi asiyeridhika upesi, kisha mwangalifu wa mambo madogo-madogo. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliiweka mbele maana ya usahihi. Hata leo tofauti nyembamba sana kati ya hoja mbili yaweza kuitwa «nice». Maana ya kupendeza ilienea katika karne ya 18.

Hapo twakutana na Jane Austen. Katika kitabu chake Northanger Abbey, kilichotolewa mwishoni mwa mwaka 1817, miezi michache baada ya kifo chake, msichana Catherine Morland anasifu hadithi moja kwa neno hilo. Henry Tilney, kijana mwenye elimu, anamcheka: bila shaka, asema, unadhifu wa kitabu ni kazi ya jalada lake. Tena anamfundisha kwamba pengine hapo mwanzo neno lilikuwa la unadhifu na adabu tu, na sasa limekuwa sifa ya kila kitu.

Wasomaji hucheka pamoja na Henry. Sisi nasi tulicheka, mpaka tulipouchunguza huo «mwanzo» wake. Kumbe si mwanzo! Henry amerudi nyuma hatua moja, akasimama mahali panapompendeza. Angalienda mpaka mwisho wa njia, angaliona kwamba kitabu alichosifu Catherine ni kitabu kijinga kupita vyote. Na kama Kingereza cha mwaka 1300 ndicho hakimu, adabu anayoitetea Henry ni kosa kama lile la msichana.

Neno «silly» lilipita njia hiyo kwa kugeuka nyuma. Zamani lilikuwa mwenye heri, ndugu wa «zalig» la Kiflama. Leo ni mpuuzi. Mpumbavu amekuwa mwema, na mwenye heri amekuwa mpumbavu.

Nasi tusijidhani salama katika Kiswahili. «Ustaarabu» kwa mzizi ni kujifanya Mwarabu. Tumesikia watu wakitaka neno hilo litupwe kwa sababu hiyo. Lakini mama amwambiaye mtoto wake awe mstaarabu mbele ya wageni hafikiri juu ya Uarabuni hata kidogo. Anataka mtoto asalimu na kukaa vizuri. Mfasiri asiyelijua hilo atatafsiri mzizi, na maneno ya mama yatapotea.

Jambo moja tunamwachia Henry: neno lisifulo kila kitu huambia kidogo. «Nzuri» yetu ina udhaifu uo huo, na katika insha za vijana tunaifuta mara nyingi. Lakini hayo ni mashitaka juu ya matumizi ya leo, wala hayahitaji ushahidi wa mababu. Catherine alikuwa ameuliza wazi: ikiwa kitabu kinampendeza, mbona asikiite hivyo? Henry alijibu kwa mzaha.