Fundi Anayepima Kwanza

Magari ya kulala porini yamekuwa mengi Arusha. Ni Land Cruiser zenye hema juu ya keria, meza ya kukunja kwenye mlango wa nyuma, friji ya volti 12, na paneli ya sola iliyofungwa juu ya bodi ili ijaze betri ya pili, ile isiyohusika na kuwasha injini. Mgeni hukodi, akaendesha mwenyewe hadi Ziwa Natron au Serengeti, akakaa huko siku kadhaa bila kuona nguzo ya umeme. Mambo yakienda vizuri haikumbuki kabisa ile paneli. Friji ikizima saa nane usiku na nyama ikaanza kunuka, ndipo mwenye gari anapigiwa simu, naye anakwenda kumtafuta fundi waya.

Hakuna uhaba wa mafundi waya. Ninaowasifu hapa ni wachache: wale ambao wakiambiwa "sola imekufa" hawakimbilii spana, wanachukua mita.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba dalili ni moja na visababishi ni utitiri. Betri haijai. Huenda paneli ina vumbi, huenda waya ni mwembamba, huenda kontrola, kifaa kinachosimamia ujazaji, imepangiwa aina nyingine ya betri, huenda betri yenyewe imechoka, huenda hakuna kilichoharibika ila friji inakula kuliko jua linavyoleta. Fundi wa haraka hukata shauri kwa kubahatisha, na mara nyingi shauri lake ni betri mpya, kwa sababu betri ndiyo yenye faida dukani.

Fundi mwenye subira huanzia juu. Paneli ya kawaida ya wati 100 ina seli 36 zilizounganishwa mfululizo, kila moja ikitoa takriban volti 0.6, ndiyo maana ukiipima bila mzigo inasoma volti 21 au 22. Lakini kusoma hizo volti tu si kazi. Hata asubuhi yenye mawingu paneli huweza kukaribia namba hiyo huku haina nguvu ya kujaza chochote. Kwa hiyo anapima na ampia. Kisha anatazama vivuli. Kwa kuwa seli zimefuatana, kivuli cha dumu la maji au cha tairi la akiba kikiangukia seli moja tu kinaweza kuondoa nusu ya kazi ya paneli nzima. Nimemwona mmoja akisogeza tairi juu ya keria kwa kiasi cha kiganja, akashuka kusoma mita, akapanda tena. Anapitisha pia vidole chini ya paneli kuona kama kuna nafasi ya hewa, kwa sababu kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 hupunguza nguvu kwa karibu asilimia 0.4, na paneli iliyolala bapa juu ya bati, kwa jua la Natron, inaweza kufika nyuzi 65.

Mita yenyewe inastahili neno. Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza, alichoshwa na kubeba chombo cha volti, cha ampia na cha ohm kila kimoja peke yake, akabuni kimoja cha kupima vyote. Kiliingia sokoni mwaka 1923. Miaka mia imepita na bado wapo mafundi wanaokitumia kujua tu kama waya una umeme au hauna, ambalo ni jambo la kusikitisha.

Katika gereji moja ya Njiro nilimtazama mzee mmoja akikitumia inavyopasa.

"Shikamoo mzee," dereva alisema. "Betri tumebadilisha, na friji bado inazima usiku."

"Marahaba. Ile ya zamani nani aliipima?"

Dereva akanyamaza.

Kontrola ilikuwa inasoma volti 14.4, kiwango cha kujazia betri ya risasi. Kwa namba hiyo ungesema mambo ni mazuri. Mzee akawasha mita na kuipima betri yenyewe kwenye nguzo zake: 13.3. Zaidi ya volti nzima ilikuwa inapotea katika waya usiofika mita mbili. Hakufungua hata skrubu. Aliweka ncha zote mbili za mita kwenye waya uleule wa chanya, moja kichwani, nyingine akiisogeza kidogo kidogo kuelekea betri. Waya mzima ukipimwa hivyo, umeme ukiwa unapita, husoma karibu na sifuri. Ilisoma sifuri, ikasoma sifuri tena, alipovuka kishikilia fyuzi ikaruka hadi 1.0.

Akakishika kwa vidole, akamwita dereva naye akishike. Kilikuwa cha moto. Ndani, fyuzi ilikuwa nzima, ila miguu yake ilikuwa na kutu ya kijani na plastiki imeanza kugeuka kahawia. Kwa kipimo cha mlio, kile cha kujua tu kama njia ya umeme imekatika, fyuzi ile ingepita bila shaka, kwa kuwa mita hupitisha umeme kiduchu mno. Kasoro yake huonekana ampia zikianza kupita. Na hasara kubwa haikuwa zile wati chache zilizogeuka joto. Kontrola, ikiona 14.4 upande wake, iliamini betri inakaribia kujaa, ikaanza kubana umeme mapema, kila siku, huku betri ikibaki na njaa. Betri ya risasi ikiachwa hivyo wiki kwa wiki hufanya utando wa salfeti na kufa kweli. Pengine ile ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Mzee alikata sehemu ile, akabana vichwa vipya, akafunga kishikilia kipya mahali vumbi lisipofika. Akapima tena: 14.4 kwenye kontrola, 14.3 kwenye betri. Dereva alilalamika kwamba bei ya mikono imezidi bei ya kifaa mara nyingi. Kwangu mimi ilikuwa halali, maana kilichouzwa pale ni kujua mahali pa kukata.

Ukimpata fundi wa namna hiyo, mpelekee gari saa nne asubuhi jua likiwa limewaka, na usiijaze betri kwanza ili kumrahisishia. Betri iliyojaa haivuti ampia, na bila ampia kupita kasoro kama hii haisomeki.